Aliyesoma shule binafsi hapangiwi shule ya serikali?

Matokeo ya darasa la saba yakitoka tu, makundi ya wazazi Mwanza, Igoma hadi Kirumba, huzungusha ujumbe uleule: aliyesoma binafsi hachaguliwi kidato cha kwanza serikalini. Si kweli. Mtihani ni mmoja wa taifa. Wa mchepuo wa Kiingereza huufanya kwa Kiingereza, na anayefaulu hupangiwa kama wenzake. Fungua orodha ya waliochaguliwa mtandaoni: mkoa, halmashauri, Ilemela au Jiji la Mwanza, kisha shule ya msingi aliyotoka. Majina yapo.

Utata huja Januari: wazazi wengi hawampeleki mtoto kuripoti, wanamlipia ada kwingine, majirani wakadhani hakupangiwa. Kama shule binafsi zinaitendea jamii haki au la, huo ni mjadala halali, tena mzito. Ujumbe huo wa makundini hausaidii, ukikufikia, usiusambaze.