Kwa Nini Hospitali Hufunga Lango Kuu Siku ya Maafa

Kila tukifanya zoezi la utayari wa maafa hapa hospitalini, malalamiko hufuata. Upasuaji umeahirishwa, ndugu wamezuiwa getini, aliyefika wa kwanza amehudumiwa wa mwisho. Kampeni ya sasa ya utayari imeongeza mazoezi, na barua za malalamiko zimeongezeka vilevile. Nijibu zile zinazojirudia.

Siku ya maafa hakuna foleni. Anayetangulia kufika mara nyingi ndiye aliyeumia kidogo, maana ameweza kutembea au kudandia gari lililopita. Tokyo, Machi 20, 1995, watu waliposhambuliwa kwa gesi ya sarini ndani ya treni, hospitali ya St. Luke's ilipokea watu zaidi ya 600 siku hiyohiyo, wengi wakiwa hawakuletwa na gari la wagonjwa. Hawakuvuliwa nguo na kuoshwa kwanza, na mvuke uliotoka mavazini ukawadhuru baadhi ya wahudumu. Ndiyo maana tunafunga lango kuu na kuacha mlango mmoja wa majeruhi, asiingie mtu bila kukaguliwa.

Mlangoni hapo yupo mchambuzi, mhudumu anayewapanga majeruhi kwa uzito wa hali zao, na kila majeruhi humchukulia chini ya dakika moja. Anayeweza kutembea hupewa kadi ya kijani, ya walioumia kidogo. Asiyepumua hufunguliwa njia ya hewa. Akiendelea kutopumua, kadi nyeusi, ya aliyefariki au asiyeweza kuokolewa; akianza kupumua, nyekundu. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, au ambaye kucha yake ikibonyezwa na kuachiwa damu inachelewa kurudi kwa zaidi ya sekunde 2, au asiyeweza kufuata agizo jepesi kama "fumba mkono", ni nyekundu, yaani anahudumiwa kwanza. Wanaosalia ni njano, wanaoweza kusubiri kidogo. Kadi ina namba, hufungwa mkononi au mguuni, na hukaguliwa tena kwa sababu hali hubadilika. Ndugu haruhusiwi kuivua, kuihamisha wala kuibadilisha rangi. Akifanya hivyo anatolewa eneo la huduma, taarifa inaandikwa, na shauri linapelekwa polisi. Adhabu yake siwezi kuisemea hapa.

Kuna wanaosema kadi nyeusi ni ya wasio na pesa. Sijui neno hili limetoka wapi. Mchambuzi hana muda hata wa kuuliza jina, sembuse bima.

Kuhusu wagonjwa wanaoruhusiwa mapema: daktari hupitia wodi na kuchagua wale ambao kuondoka hakutawahatarisha, kisha huwapa dawa na tarehe ya kurudi. Vitanda vya majeruhi havina chanzo kingine.

Damu nayo. Nawashukuru wanaokimbilia kuchangia baada ya kusikia habari, ila ninyi mnakuja mmechelewa. Damu lazima ipimwe virusi na kundi kabla ya kutumika, na kazi hiyo huchukua saa nyingi. Inayookoa saa za kwanza ni ile iliyokwisha kuwekwa kwenye jokofu. Seli nyekundu hukaa siku 42 tu, kwa hiyo mia wakija siku moja na miezi miwili asije mtu, tunamwaga. Afadhali wachache kila wiki.

Wapo pia wanaolalamikia kelele za jenereta. Tunaliwasha kwa makusudi, tena likibeba mzigo halisi, kwani jenereta linalowaka bila mzigo halijathibitisha chochote. Tena lisikae chini. Mwaka 2005, mafuriko ya kimbunga Katrina yalipoingia New Orleans, kuna hospitali zilizobaki gizani kwa sababu mitambo yake ya umeme ilikuwa orofa za chini, na wauguzi wakawapulizia wagonjwa hewa kwa mkono.

Familia imtume mtu mmoja kwenye dawati la taarifa, akiwa na jina kamili, umri na alama ya mwilini ya wanayemtafuta. Mmoja, si ukoo mzima. Majina ya waliofariki hayatolewi kwa simu wala getini, hata ukimfahamu mlinzi.

Zoezi lijalo litafanyika usiku. Tarehe hatuitangazi.