Je, wajua kwa nini muziki wa Castlevania hautishi, na bado hautoki kichwani?

Simon Belmont, shujaa wa gemu hiyo ya video, amesimama uani, mjeledi mkononi. Nyuma yake miti, mbele yake lango la kasri la Dracula, na njia nzima imepangwa vyungu vya moto. Ukiambiwa hii ni gemu ya kutisha, unatega sikio usikie nini? Upepo, labda. Bawaba za mlango mkuukuu. Mbwa mwitu kwa mbali. Badala yake bezi inaanza kurukaruka, ngoma inaijibu, na kabla hujakichapa chungu cha kwanza, mguu wako unagonga sakafu bila kukuomba ruhusa. Wimbo huo unaitwa Vampire Killer. Mimi nikiusikia popote, vidole vinaanza kujigongea mezani vyenyewe.

Sasa swali. Gemu ina popo, mifupa inayotembea, vichwa vya Medusa vinavyopepea hewani kama nyoka aliyekunywa, na mwishoni Dracula mwenyewe anakungoja. Mbona muziki wake unachangamsha badala ya kuogofya? Na mbona watu wanaupiga kwa gitaa, kwa piano, kwa bendi nzima, karibu miaka 40 baada ya gemu kutoka?

Tuanze na mashine, maana nusu ya jibu imo humo.

Castlevania ilitolewa na Konami nchini Japani mwezi Septemba 1986, kwa jina la Akumajō Dracula, ichezwe kwenye Famicom ya Nintendo. Nje ya Japani mashine hiyo ilijulikana kama NES, na gemu ilifika huko ikiwa ndani ya katriji, kile kikasha cha plastiki kinachochomekwa kwenye mashine. Katriji nzima, yaani kasri, maadui, picha zote na nyimbo zote, ina kilobaiti 128. Faili ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde ingeijaza nafasi hiyo kwa sekunde 8 hivi, halafu Simon mwenyewe akose pa kukaa. Kwa hiyo kilichowekwa ndani si sauti iliyorekodiwa. Ni maagizo: piga noti hii, kwa nguvu hii, kwa muda huu, kisha nyamaza. Ni kama mtu akuandikie wimbo kwenye karatasi badala ya kukuimbia. Anayeimba ni chipu iliyomo ndani ya mashine, na chipu hiyo ina sauti tano tu.

Sauti mbili za kwanza ni mawimbi ya mraba. Fikiria swichi inayowashwa na kuzimwa mamia ya mara kwa sekunde. Ikikaa imewashwa nusu ya muda, sauti inatoka nene, yenye uwazi ndani, kama filimbi ya mti. Ikikaa robo ya muda, inang'aa. Ikishushwa hadi asilimia 12.5, inakuwa nyembamba na ya puani, kama mbu aliyesomea muziki. Sauti ya tatu ni wimbi la pembetatu, laini, linaloweza kushuka chini zaidi ya zile mbili, ila halina pa kupunguzia wala kuongezea: ama linalia ama limenyamaza. Hilo ndilo kwa kawaida hubebeshwa bezi. Ya nne ni kelele tupu, kama redio iliyokosa stesheni. Ukiikata vipande vifupi vifupi inageuka ngoma. Ya tano hucheza sampuli fupi, chakavu, za sauti halisi.

Chombo cha muziki cha mnyonya damu kama Dracula ni kinanda cha kanisani. Kila mtu anaijua ile Toccata ya Bach inayopigwa mtu akifungua mlango wa handaki. Lakini mpiga kinanda ana vidole kumi na miguu miwili. Mtunzi wa Famicom alikuwa na vidole viwili na mguu mmoja. Na hata vidole hivyo havikuwa vyake muda wote: katika gemu nyingi za mashine hii, mlio wa kipigo au wa kuokota kitu hukopa mojawapo ya sauti za muziki kwa muda mfupi, kisha huirudisha. Wimbo unachanika na kujishona huku unacheza, na sikio letu, kwa huruma zake, linajaza pengo.

Ujanja ulikuwepo. Huwezi kupiga kordi ya noti tatu kwa sauti moja, lakini unaweza kuzipiga noti hizo moja baada ya nyingine haraka sana, kwa kuwa muziki wa gemu hizi kwa kawaida husukumwa mbele mara 60 kwa sekunde. Sikio linashindwa kuzitenganisha, linasikia kordi inayotetemeka. Ujanja mwingine: sauti ya pili inarudia alichoimba mwenzake, ikichelewa kidogo na kwa unyonge, nawe unasikia mwangwi wa ukumbi mkubwa wa mawe. Ukumbi haupo. Ni swichi mbili zinazopishana.

Kuna programu za kuchezea nyimbo hizi zinazokuruhusu kuzima sauti mojamoja. Ukipata nafasi, jaribu kwa Vampire Killer. Acha wimbi la pembetatu peke yake kwanza. Utakuta bezi ile haitembei kama mlinzi anayezunguka kasri usiku. Inaruka, inasita, inaruka tena, kama mtu anayepanda ngazi mbilimbili. Mimi ilinichukua miaka kuigundua, maana sikio siku zote linakimbilia lahani ya juu. Ongeza kelele, upate ngoma. Bado hakuna cha huzuni wala cha kutisha. Hapo una wimbo wa dansi. Harufu ya Dracula inaingia na yale mawimbi mawili ya mraba, kwa noti za mainori, zile zinazosikika kama jua linazama. Kwa hiyo juu ni makaburi, chini ni dansi. Ndiyo maana mwili na akili havikubaliani unapousikia.

Basi jibu la haraka lingekuwa hili: umaskini wa chipu. Mambo yanayomtisha binadamu kwa sikio yanajulikana vizuri kidogo siku hizi. Mwaka 2015 mtafiti Luc Arnal na wenzake walionyesha kwamba mayowe ya binadamu yana mkwaruzo wa namna yake: nguvu ya sauti inapanda na kushuka kati ya mara 30 na 150 hivi kwa sekunde, na mkwaruzo huo unaiamsha amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hatari. Miaka mitano kabla yake, Daniel Blumstein, mtafiti aliyezoea kusikiliza milio ya hofu ya mamoti, wanyama wa milimani wa jamii ya kindi, alichunguza na wenzake sauti za sinema zaidi ya 100, akakuta watengenezaji wa sinema za kutisha wanatumia sauti zilizovurugika za aina hiyohiyo, wala si kwa kubahatisha. Swichi mbili na pembetatu haziwezi kupiga yowe la maana. Kimya je? Kimya kinatisha kweli, lakini siku hizo, kwenye spika moja ya televisheni, kimya kingemfanya mchezaji aichomoe katriji na kuipuliza vumbi.

Ila jibu hilo halinitoshi, na kinacholiangusha ni gemu ya tatu ya mfululizo huohuo.

Castlevania III ilipotoka Japani mwaka 1989, Konami waliweka ndani ya katriji chipu yao wenyewe, VRC6, iliyoongeza sauti tatu: mawimbi mawili zaidi ya mraba na wimbi moja la msumeno, lile linalokwaruza kama tarumbeta. Hidenori Maezawa, aliyeshughulikia sauti za gemu hiyo, alishiriki kuiunda chipu yenyewe. Hebu fikiria hamu ya kiwango hicho: vidole havikutoshi, unajitengenezea vingine. Walionunua gemu nje ya Japani hawakuipata raha hiyo, kwa sababu NES haikuwa na njia ya kupitisha sauti kutoka kwenye katriji kama Famicom. Nyimbo zikapunguzwa zitoshe zile sauti tano za zamani. Sikiliza Beginning, wimbo wa hatua ya kwanza, katika matoleo yote mawili, moja baada ya jingine. La Japani lina nyama zaidi, halina mjadala. La pili limekonda, lakini nakiri nalipenda karibu sawa, kwa ukali wake.

Jambo lenyewe ni hili: sauti nane mkononi, msumeno wa kukwaruza ukiwemo, nao walifanya nini? Walimwandikia shujaa wimbo mwingine wa kukimbilia vitani. Hawakutaka kututisha. Umaskini ulieleza jinsi wimbo unavyosikika. Haukueleza uko upande wa nani.

Uko upande wa Simon. Jina lenyewe linasema: Vampire Killer ni muuaji wa wanyonya damu, na ndilo jina la mjeledi anaoushika. Huo si muziki wa kasri linalokungoja, ni wa mtu anayeingia kulibomoa. Na mtu huyo anahitaji msaada kweli. Akisharuka hawezi kugeuza njia hewani. Akiguswa na adui anarushwa nyuma, mara nyingi moja kwa moja shimoni. Unakufa. Unarudishwa. Wimbo unaanza upya, toka noti ya kwanza, kana kwamba hakuna kilichotokea. Unakufa tena.

Hapo ndipo wimbo unapojichimbia kichwani. Mwanasaikolojia Robert Zajonc aliandika mwaka 1968 kwamba kukutana na kitu tena na tena, bila hata kukifikiria, kunatosha kumfanya mtu akipende. Gemu ngumu yenye wimbo mfupi unaojirudia ni mashine ya kufanyia hivyo hasa. Tena ukifa mapema unausikia mwanzo kuliko mwisho, ndiyo maana ukimwomba shabiki akuimbie Heart of Fire, wimbo wa hatua ya tano, atakuimbia sehemu ya kwanza kwa madaha, kisha ataanza kutafuta maneno ya kujitetea. Mimi ni mmojawapo.

Linganisha na Silent Hill, nayo ya Konami, ya mwaka 1999. Kufikia hapo kulikuwa na PlayStation, yenye sauti 24 na diski ya CD. Mtunzi Akira Yamaoka angeweza kuajiri okestra ya kuigiza. Akaleta vyuma vinavyosagana, king'ora, mngurumo usio na mwanzo. Alipowasikilizisha wenzake kazini mara ya kwanza, walidhani gemu ina hitilafu. Na shujaa anapewa redio ndogo ya mfukoni inayokwaruza majitu yakikaribia, kwa hiyo hata kifaa cha kumsaidia kinamtesa. Muziki ule ni wa mji, si wa mtu. Unakutazama ukipita. Kati ya gemu hizo mbili kuna Resident Evil ya mwaka 1996, ambapo muziki unakuhurumia kwenye vyumba vichache tu, vyenye taipureta ya kuhifadhia mchezo. Ukitoka nje ya mlango, uhusiano umekwisha. Nazipenda zote. Ila za baadaye sizisikilizi nikiosha vyombo.

Mtunzi wa Castlevania sijamtaja mpaka sasa kwa makusudi, kwa sababu gemu yenyewe ilifanya hivyohivyo. Siku hizo kampuni za gemu za Japani mara nyingi zilificha majina ya wafanyakazi, wasije wakachukuliwa na washindani. Kwa hiyo ukimwangusha Dracula na kasri likabomoka, majina yanayopanda kwenye skrini ni mizaha. Dracula ameigizwa na "Christopher Bee", ambaye wewe na mimi tunamjua kama Christopher Lee. Muziki umetungwa na "James Banana", utani juu ya James Bernard, Mwingereza aliyetunga muziki wa sinema ya Dracula ya mwaka 1958.

Ndizi huyo alikuwa Kinuyo Yamashita, msichana aliyekuwa amesomea elektroniki na kujiunga na Konami mwaka huohuo wa 1986, akisaidiana na mwenzake, Satoe Terashima.