Pumzi ikikubana, itoe kwanza

Kwenye kliniki yetu ya kifua hapa Mombasa, mgonjwa akibanwa huanza kuvuta hewa kwa pupa, mabega juu, mishipa ya shingo imetuna. Mimi humwambia kinyume chake: toa kwanza.

Katika ugonjwa sugu wa mapafu unaoziba njia za hewa, unaowapata sana wavuta sigara na akina mama waliopikia kuni miaka na miaka, mirija huwa imekuwa myembamba, na kuta zake zimelegea. Hewa huingia, lakini wakati wa kutoka mirija hujifunga kabla haijaisha. Ya zamani hubaki ndani, mpya ikakosa pa kukaa.

Basi fanya kama unayepoza kahawa tungu kikombeni. Vuta kwa pua, moja, mbili. Bana midomo, puliza taratibu hadi nne. Ule mbano wa midomo huiacha mirija wazi kwa muda zaidi.

Kuna bibi wa Mji wa Kale aliyekuwa akipanda ngazi za kwao kwa mkupuo mmoja, "ziishe haraka," kisha anaketi robo saa asiweze hata kuitikia salamu. Tulimfundisha: simama uvute, panda vidato viwili huku ukipuliza, simama tena. Siku hizi anafika juu akilalamika bei ya nazi.

Kazi yoyote ya nguvu iende na pumzi inayotoka: kuinua ndoo, hata kuinuka kitini. Kuinama nako ni adui, maana tumbo huyasukuma mapafu juu. Oga umekaa, tawadha umekaa. Sijda ikikulemea, dini imekuruhusu kuswali kwenye kiti. Wengi huona haya bure. Na pale Likoni, geti likifunguliwa watu wakaanza kukimbia, waache. Feri nyingine itakuja.

Usidharau kipepeo cha ukindu. Upepo ukipiga puani na mashavuni, neva za uso huupa ubongo habari ya hewa, na ile hisia ya kukabwa hupungua. Feni ndogo ya mkononi hufanya kazi hiyohiyo.

Wapo wanaoamua kukaa kitako kutwa ili wasihemewe. Nawaelewa, lakini misuli ya miguu isiyotumika hudhoofika, kisha hudai hewa nyingi zaidi kwa hatua zilezile. Tembea kidogo kila siku, asubuhi kabla jua halijakolea. Kuhema kiasi si hatari, mradi bado unaweza kuzungumza.

Hatari ni hii: umepumzika, umetumia inhela yako kama ulivyoelekezwa, na bado huwezi kumaliza sentensi; au umeanza kuchanganyikiwa, au kusinzia kusiko kwa kawaida. Kwa ngozi zetu nyeusi, tazama ulimi na ndani ya midomo: rangi ikiwa ya kijivu au buluu, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.