Shule za lazima hazikuanzia Prussia

Ukitaja elimu ya lazima Ujerumani, wengi hurukia Prussia na amri zake za 1717 na 1763. Prussia ilikuwa dola kubwa kati ya dola nyingi za Kijerumani za wakati huo, ndiyo maana sifa zimeiangukia. Lakini kijidola cha Weimar kiliagiza watoto wapelekwe shule tangu 1619, na jirani yake Sachsen-Gotha ikaja na mpango kamili mwaka 1642, Vita vya Miaka Thelathini, vilivyoikumba Ulaya ya kati, vikiwa bado vinaunguruma.

Mtawala wa Gotha, Duke Ernst wa Kwanza, alimkabidhi kazi hiyo mwalimu Andreas Reyher. Mwongozo wake ulitaka watoto wa kijijini, wa kike kwa wa kiume, waanze shule wakiwa na miaka mitano, na mzazi aliyewazuia alitozwa faini. Mwaka uliofuata Ernst akaanza kujenga kasri, akaliita Friedenstein, yaani jiwe la amani. Jina la kuthubutu, maana amani yenyewe ilikuja 1648.

Udogo wa nchi yake ulimsaidia Ernst kusimamia shule: nchi ndogo hukagulika. Ila alipofariki 1675 aliacha wana saba, na miaka mitano baadaye wakagawana urithi vipande saba.