Kwa nini x > ½ peke yake halikupata alama zote

Tangu matokeo ya moko (mtihani wa majaribio) yabandikwe, kitengo chetu cha usahihishaji kimepokea malalamiko mengi kuhusu swali moja la aljebra: tafuta thamani zote za x ambazo 1/x < 2. Wazazi, na hasa walimu wa tuisheni, wanasema x > ½ ni jibu sahihi na watoto wamedhulumiwa. Hatuna shaka na nia yao. Ila jibu hilo limeishia njiani.

Wengi walizidisha pande zote kwa x, wakapata 1 < 2x, wakagawa kwa 2 na kupiga mstari. Kosa liko hatua ya kwanza: hujui bado kama x ni chanya au hasi, na ukizidisha kwa namba hasi alama ya < hugeuka kuwa >. Jaribu -1. Kinyume chake, yaani 1 ukiigawa kwa namba yenyewe, ni -1 hiyo hiyo, nayo ni ndogo kuliko 2. Namba hasi zote zimeachwa nje! Jibu kamili ni x < 0 au x > ½. Mtahiniwa mmoja aliliandika pembeni kwa penseli, kisha akalifuta, bado linasomeka. Kilichofutwa hakisahihishwi.

Swali lina alama 4: moja ya kutenganisha x chanya na x hasi, moja ya kugeuza < kwenye hasi, na moja kwa kila sehemu ya jibu. Aliyeandika x > ½ tu alipata 1, si sifuri kama inavyosambazwa WhatsApp. Ombi la kusahihishiwa upya hupitia kwa mkuu wa shule, kwa maandishi, likiwa na namba ya mtahiniwa na muhuri wa shule, ndani ya siku 14. Alama zikishuka, zimeshuka.

Kuna wanaoshikilia kwamba ukipindua namba za pande zote mbili (2 ikawa ½), < lazima igeuke. Ni kweli zikiwa zote chanya au zote hasi: mkate wa watu 3 hutoa vipande vidogo kuliko wa watu 2. Lakini -2 < 3, na -½ bado ni ndogo kuliko ⅓.

Wengine wanasema kipeo, yaani kuzidisha namba kwa yenyewe, hukuza namba. Hapana. Nusu ya nusu ni robo, hata sokoni. Chukua 0.25: kipeo cha pili ni 0.0625, kipeuo cha pili 0.5, kinyume 4. Chukua -½: kinyume ni -2, kipeo cha tatu -⅛, kipeo cha pili ¼. Mpangilio wa namba, kinyume chake na vipeo vyake kwa ukubwa hubadilika ukivuka -1, 0 au 1, kwa hiyo mwanafunzi achore mstari wa namba na ajaribu -2, -½, ½ na 2 kabla ya kuandika lolote.

Maombi yaliyofika bila muhuri yachukuliwe dirishani, yakagongwe na kurudishwa kabla siku 14 hazijaisha.