mke2fs na kumbukumbu inayokwisha ilhali bado ipo

Mara ya kwanza nilipoona kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, ikiua programu kwa kukosa kumbukumbu wakati zana ya mke2fs inaunda mfumo wa faili kwenye diski kubwa, kilichonitatiza ni kwamba gigabaiti kadhaa za RAM zilikuwa hazijaguswa. Nililazimika kuanza kwa kuhesabu kile kinachoandikwa. Kwa kawaida ext4, mfumo wa faili unaoundwa na mke2fs, hutenga inodi (rekodi ya maelezo ya faili) moja kwa kila baiti 16,384, na kila inodi huchukua baiti 256. Hivyo diski ya terabaiti 2, kwa hesabu ya 1,024, hupata inodi 134,217,728, ambazo majedwali yake hufikia gigabaiti 32.

Majedwali hayo yakijazwa sifuri papo hapo, data haiendi moja kwa moja kwenye diski, bali hukaa kwanza katika kashe ya kurasa, yaani sehemu ya RAM inayohifadhi data ya diski kwa muda, kama kurasa chafu, yaani zinazosubiri kuandikwa. Programu huzichafua kwa kasi ya RAM, ilhali diski huzipokea kwa kasi yake ndogo. Kerneli huanza kuziandika chinichini zinapofika asilimia 10 ya kumbukumbu inayopatikana, na huizuia programu kwa nguvu zinapofika asilimia 20.

Kwenye kerneli ya biti 32 tatizo ni zito zaidi, na hapa ndipo penye jibu la kitendawili changu. Kerneli hiyo huifikia moja kwa moja sehemu ya chini tu ya RAM, takriban megabaiti 896, na kashe ya diski ghafi inayoandikwa na mke2fs ni lazima ikae humo pamoja na miundo ya kerneli yenyewe. Sehemu hiyo ikijaa, RAM ya juu haisaidii hata ikiwa tupu. Wengi hushauri kuongeza RAM, nami nalipinga shauri hilo kabisa: kila ukurasa wa baiti 4,096 huhitaji maelezo ya takriban baiti 32 katika sehemu ileile ya chini, kwa hiyo RAM ya gigabaiti 16 humeza megabaiti 128 za eneo hilo kabla kazi haijaanza.

Dawa ya kudumu ni kerneli ya biti 64. Pale isipowezekana, mimi hutumia chaguo la -D, linaloifanya mke2fs iandike diskini bila kupitia kashe, au huweka MKE2FS_SYNC ili kurasa zimwagwe kila baada ya vikundi kadhaa vya bloku, yaani sehemu ambazo ext4 huigawa diski. Chaguo la lazy_itable_init, linaloacha majedwali ya inodi bila kujazwa sifuri kwanza, nalo hupunguza uandishi kwa kiasi kikubwa, lakini kazi hiyo huahirishwa tu: kerneli huikamilisha chinichini baada ya mfumo wa faili kupachikwa (mount), na anayepima kasi ya diski wakati huo atapata vipimo vya kupotosha. Kwenye seva yenye RAM nyingi naona ni salama zaidi kuweka kikomo cha kurasa chafu kwa baiti kupitia vm.dirty_bytes kuliko kutegemea asilimia, kisha kufuatilia Dirty (kurasa chafu) na Writeback (zinazoandikwa sasa) ndani ya /proc/meminfo, pamoja na LowFree (nafasi iliyobaki katika sehemu ya chini) kwenye biti 32, kwa muda wote mke2fs inapofanya kazi.