Umechagua safu ipi?

Zamani nilikuwa nafundisha maadili wiki ya mwisho ya muhula, wanafunzi wangu wa kompyuta wakiwa wameshamaliza programu zao. Nimeacha. Siku hizi naanza nayo siku ile ile wanapofungua jedwali la data, kabla hawajaandika mstari hata mmoja.

Nawapa jedwali la wagonjwa wa kubuni: umri, vipimo vya damu, dawa, mara alizolazwa, gharama. Kazi yao ni kutafuta wagonjwa wanaohitaji uangalizi wa ziada. Kompyuta haijui kuhitaji ni nini. Lazima uionyeshe safu moja ya jedwali, kama umri au gharama, ndiyo iibashiri. Wengi huchagua gharama. Nawaelewa: namba zake zimekamilika, na mgonjwa sana si ndiye anayetumia pesa nyingi?

Hapo nawasimulia utafiti wa Ziad Obermeyer na wenzake, uliotoka katika jarida la Science mwaka 2019. Walichunguza algorithimu, yaani kanuni za kukokotoa zinazofuatwa na kompyuta, iliyotumika sana Marekani kuteua wagonjwa wa kufuatiliwa kwa karibu. Rangi ya mtu haikuwemo katika data iliyolishwa. Algorithimu hiyo ilibashiri gharama, tena vizuri. Lakini matibabu ya Mmarekani Mweusi aliyeugua sawa na Mweupe yalikuwa yamegharimu pesa kidogo zaidi, kwa kuwa njia ya kumfikia daktari ilikuwa ngumu kwake, na imani yake kwa hospitali ilishavunjwa siku nyingi. Mashine ikasoma kutotibiwa kama uzima. Watafiti walikokotoa kwamba upendeleo huo ukiondolewa, Weusi kati ya wanaoteuliwa moja kwa moja wangepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5.

“Mwalimu, sasa kosa liko mstari wa ngapi?” aliniuliza mwanafunzi mmoja. Ukipekua programu nzima hulikuti. Liliingia pale mtu alipokubali kwamba gharama ndiyo ugonjwa, na siamini kwamba alikuwa na nia mbaya. Hilo ndilo linaloniuma, maana mtu mwema asiyefundishwa kuuliza atalirudia kesho.

Kwa hiyo nataka kila mmoja aandike, chini ya safu aliyoichagua, sentensi moja: nani namba hii haimwoni? Mwaka huu binti mmoja aliandika, “Asiye na nauli ya kufika kliniki ana gharama sifuri.” Akaifuta safu ile, akaanza kuhesabu magonjwa sugu ya kila mgonjwa.